Neno Nililomnyima Baba

Wageni walipofika nyumbani kwetu, upande wa Myanga, baba yangu aliwatambulisha watoto wake kwa kazi zao. Huyu ni mwalimu. Huyu ni fundi wa redio. Huyu analima kabeji, na kabeji zake mtazila leo. Alipofika kwangu hakutaja kazi. Alininyooshea kidole na kusema, "Na huyu ndiye aliyeninyima." Kisha alikunywa chai yake, akamwacha mgeni akinitazama kama mtu aliyemnyima mzazi wake maji ya kunywa.

Kwa zaidi ya miaka kumi nilicheka pamoja na wengine. Ndani sikuwa nikicheka. Nilidhani ananichoma, na kwamba ataendelea kunichoma mpaka mmoja wetu aingie kaburini. Nilichomnyima ni neno moja tu la Kiingereza, na ningependa kueleza jinsi ilivyokuwa.

Nilifika Kitale mwanzoni mwa miaka ya themanini nikiwa na cheti cha kupiga taipu nilichokipatia Bungoma na jozi moja ya viatu. Niliajiriwa katika duka la vitabu na karatasi. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kisingasinga, mwenye kilemba cha samawati na ndevu alizozifunga vizuri kwa wavu, ambaye babu yake ndiye aliyelifungua duka hilo. Mbele tuliuza madaftari, chaki, bahasha na karatasi za kaboni. Kwenye kona, karibu na dirisha, palikuwa na taipureta nzito iliyohitaji watu wawili kuihamisha, na benchi la wateja. Hapo ndipo nilipokaa miaka tisa, nikiwaandikia watu barua za kuomba kazi.

Siku ya kwanza mzee alinifundisha kuweka herufi mbili ndogo za jina langu chini kabisa ya kila barua, upande wa kushoto. "Kama iko makosa," alisema, "watu jua nani nafanya." Nilizipenda herufi hizo mbili kuliko cheti changu. Barua zilikwenda Eldoret, Kakamega, hata Nairobi, nami nilikwenda nazo, pale chini, mdogo lakini nipo.

Miaka hiyo matangazo ya kazi yalikuwa na neno moja yalilolipenda mno. Awe mpishi, awe dereva, awe mlinzi wa ghala la mahindi pale Moi's Bridge, lazima awe "conversant" na kazi hiyo. Kwa hiyo kila aliyekuja kwangu alitaka neno hilo liwemo kwenye barua yake. Wengi hawakujua maana yake. Walijua tu kwamba lisipokuwemo, barua inatupwa. Nami niliwapa, kama vile mtu anavyogawa karanga.

Mzee alinivumilia wiki tatu hivi. Siku moja akasimama nyuma yangu, akasoma barua niliyokuwa nikimpigia kijana mmoja aliyetaka kazi ya kuendesha trekta.

"Nani nasema huyu konvasanti?"

"Yeye mwenyewe, Mzee."

Akaenda chini ya kaunta, akatoa kamusi kubwa iliyoshonwa mgongo kwa kitambaa. Akasoma kimya, midomo ikicheza. Kisha akatafuta namna ya kunieleza kwa Kiswahili chake, na bado naona hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza neno vizuri kuliko hapo.

"Hii hapana ya kujua tu," alisema. "Hii ya kukaa pamoja. Mimi nakaa na mama ya watoto miaka thelathini. Mimi najua yeye nakasirika, yeye mwenyewe bado jua. Hiyo ndiyo konvasanti. Kwanza uliza mtu. Halafu andika."

Tangu siku hiyo sikuandika kabla ya kuuliza. Tulikuwa na maswali matatu. Asubuhi unaanza na nini? Kitu gani cha kazi hii ambacho mtu anayeitazama kwa nje hawezi kukijua? Na la tatu, ambalo lilikuwa la mzee mwenyewe: umewahi kuharibu nini? Mzee alishikilia kwamba mtu aliyekaa na kazi kweli lazima ameiharibu siku moja, na lazima anakumbuka aliharibu vipi. Asiyeharibu kitu hajakaa nayo. Amepita tu mlangoni.

Nikajifunza kuyapanga maneno kama vikombe kabatini. Aliyeigusa kazi kidogo nilimpa "familiar", neno la mtu uliyesalimiana naye njiani. Aliyeifanya miaka mingi nilimpa "experienced", maana miaka haikatazwi kuhesabiwa, hata kama ililaliwa. Aliyesoma vitabuni nilimpa "knowledgeable". Lile kubwa nililiweka juu kabisa, na nilijivunia kwamba ufunguo ninao mimi.

Nakumbuka mpishi wa shule aliyekuja na kofia yake nyeupe mfukoni. Nilipofika swali la tatu alitazama sakafu, akasema aliwahi kumwagia mafuta ya taa sufuria nzima ya maharagwe, akadhani yakichemka harufu itatoka. "Haitoki," aliniambia kwa uchungu, kana kwamba ni jana. "Shule nzima ilikataa chakula. Tangu siku hiyo taa yangu inakaa nje ya jikoni, na mafuta ya kupikia siyapimi bila kuyanusa." Nilimpa neno lake bila kusita. Dereva aliyemfuata aliapa kwamba hajawahi hata kukwaruza gari. Yeye nilimwandikia "experienced", akaondoka akiwa ameridhika kwa sababu neno lilikuwa refu.

Habari zikaenea. Karani wa ofisi moja mjini alikuja kununua bahasha, akaniambia kwamba mkubwa wake akipata barua za kazi hutazama kwanza herufi za chini. Zikiwa zangu na lile neno likiwemo, mtu huyo anaitwa. Nilivimba kichwa, siwezi kukataa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na tayari palikuwa na ofisi zinazoniamini bila kuniona.

Ndipo baba akaja.

Baba yangu alikuwa msaidizi kwenye josho la ng'ombe karibu na kwetu. Wasiowahi kuliona josho wafikirie handaki refu la simiti lililojaa maji yenye dawa ya kupe. Ng'ombe huingia mmoja mmoja kupitia njia nyembamba ya mbao, huruka, huzama mpaka pembe, huogelea na kutokea upande wa pili akiwa amelowa. Kila Alhamisi kijiji chote kilipeleka mifugo hapo. Baba alisimama kwenye njia ya mbao akiwasukuma ng'ombe kwa kiganja na kwa maneno, miaka kumi na miwili. Juu yake alikuwepo msimamizi, mzee mmoja mkimya aliyeshika ufunguo wa stoo ya dawa na fimbo ya kupimia kina cha maji. Mzee huyo alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka, na nafasi yake ilikuwa imetangazwa.

Baba aliingia dukani asubuhi moja ya Agosti akiwa amevaa koti lake la kanisani. Nilifurahi mpaka nikamwangushia mteja mwavuli wake. Alitazama taipureta, dirisha, rafu za madaftari.

"Mama, hapa ndio unafanyanga kazi?" akaniuliza kwa Kibukusu chetu. Baba aliniita mama tangu nilipozaliwa, kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

Akatoa tangazo ambalo karani wa chifu alimnakilia kwenye karatasi ya daftari. Neno lenyewe lilikuwa limepigiwa mstari mara mbili. "Amesema hili likikosa nisijisumbue," alinieleza. "Ati barua zisizo nalo hata hazifunguliwi. Nikaona, si binti yangu ndiye mwenye neno hilo Kitale nzima?"

Watu wanne walikuwa wameketi kwenye benchi, na mwanamke mmoja mfanyabiashara wa mahindi akacheka kwa furaha, akasema huyo kweli ni baba. Nikaingiza karatasi mbili na kaboni katikati. Ningeweza kuandika tu. Hakuna mtu ambaye angeniuliza. Lakini niliona wale wanne wakinitazama. Wawili kati yao nilikuwa nimewahi kuwauliza yale maswali, na mmoja hakulipata neno. Nikauliza, na kwa namna nisiyoielewa mpaka leo nikauliza kwa Kiswahili, kama ninavyouliza wageni.

"Papa, asubuhi ya josho unaanza na nini?"

Akatabasamu, naye akageukia Kiswahili. "Naangalia kwanza kama ng'ombe wamekunywa maji. Mwenye kiu akiruka ndani atakunywa dawa, na hiyo ni kufa. Halafu natanguliza wale wazee wenye wamezoea, wakoroge. Wale kumi wa kwanza lazima warudie, kwa sababu waliruka kabla dawa haijachanganyika. Ndama wanakuja mwisho." Benchi lote likaitikia kwa vichwa. Moyo wangu ulijaa.

"Maji yakishuka, unaongeza dawa kiasi gani?"

"Hiyo ni ya mzee," alisema. "Yeye ndiye anashika fimbo. Lakini nimemwona miaka yote, si kitu ngumu. Ni kuangalia tu."

"Umewahi kuharibu nini?"

Uso wa baba ulifungika. "Mimi? Sijawahi haribu kitu."

"Hata kimoja?"

"Si nimekwambia?"

Nilikaa na vidole juu ya taipureta. Nilikuwa kidato cha pili msimu ambao ng'ombe wetu wawili walipokufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe, pamoja na ng'ombe wengine wengi wa kijiji. Mmoja ndiye aliyekuwa na maziwa, na mdogo wetu wa mwisho alikuwa bado ananyweshwa. Mvua zile msimamizi alikuwa mgonjwa mwezi mzima. Watu walilaumu dawa, wakasema imetumwa mbovu. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyefungua stoo mwezi huo akaimimina. Mimi pia sikuwahi kuuliza. Lakini asubuhi ile, nikimtazama baba akizungusha kofia yake mikononi, nilijua. Nilijua kama mtu anavyokitambua kikohozi cha baba yake katikati ya umati.

"Papa," nilisema, "neno hilo siwezi kuliweka."

"Unasema?"

"Nitaandika kwamba umefanya kazi hapo miaka kumi na miwili. Nitaandika kwamba unawajua ng'ombe kuliko mtu yeyote. Hayo ni kweli. Neno hilo linasema unaijua na dawa."

Nilipiga barua, nikamsomea yote kwa Kiswahili, sentensi moja baada ya nyingine. Aliitia sahihi. Aliikunja mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

"Asante, karani," alisema.

Hakuwahi kuniita hivyo maishani. Alitoka bila kunipa mkono.

Mzee wa duka alikuwa ameona yote kutoka kaunta. Alinijia na kikombe cha chai ya maziwa yenye iliki. "Mimi nasema uliza watu," alisema polepole. "Mimi hapana sema uliza baba." Nilimgeukia kwa hasira ambayo hakustahili. Nilimwambia angenieleza mapema kwamba akina baba wana maneno yao tofauti kwenye kamusi ile. Aliweka kikombe karibu yangu, akarudi kaunta. Nilikunywa chai ikiwa imepoa.

Baada ya wiki moja mwanamke wa kijijini kwetu aliyekuja sokoni alinipitia dukani na ujumbe wa mama. Alinipa kama alivyopewa: "Mama yako anauliza kama ni hiyo taipureta iliyokuzaa." Nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya duka nikalia. Nilikuwa nimemwaibisha baba yangu mbele ya watu wasiomjua. Kama angekosa nafasi ile, angebaki akiwasukuma ng'ombe kwenye njia ya mbao chini ya mgeni, mpaka mgongo umshinde, na sababu ingekuwa mimi. Alasiri moja niliingiza karatasi safi na kuanza kumpigia barua nyingine yenye neno hilo ndani. Nilifika herufi ya nne. Nikaichomoa, nikaikunja, nikaitupa. Nilijua kwamba kama ningempa baba hivyo hivyo, basi yule mpishi wa maharagwe nilimpa karatasi tu.

Jumamosi ya mwisho ya Septemba baba alirudi. Alivaa koti lilelile. Nilisimama kumkaribisha, akaninyamazisha kwa mkono, akaketi mwisho wa benchi nyuma ya watu watatu. Nilimwashiria apite mbele. Alitazama dirishani. Nikawahudumia wale watatu bila kujua ninaandika nini, mmoja wao akanirudishia barua kwa sababu nilikuwa nimemwandikia mji wa mtu mwingine.

Zamu yake ilipofika alikuja akasimama mbele yangu.

"Karani," alisema kwa Kiswahili, "niulize."

"Papa, si lazima tu..."

"Niulize kama unavyouliza watu."

Nikamuuliza la asubuhi, akajibu kama mwanzo. Nikamuuliza la pili: kitu gani ambacho anayetazama kwa nje hawezi kukijua?

"Mtu akiangalia ng'ombe akitoka, anaona anatoka na maji. Si hivyo. Anatoka na dawa kuliko maji. Dawa inashika kwa manyoya. Maji yanarudi kwa josho, dawa inaenda nyumbani na ng'ombe. Kwa hivyo, maji yakishuka, ile unaongeza lazima iwe kali kuliko ile ya kwanza. Ukiongeza sawa na ya kwanza, kila wiki josho linakuwa dhaifu. Kwa macho hauwezi kuona. Rangi ni ile ile. Harufu ni ile ile." Akanitajia vipimo, alama kwa alama kwenye fimbo, kikopo kwa kikopo. Aliongeza kwamba mvua ikiingia vipimo hubadilika, na kwamba chupa ya maji ya josho hupelekwa kupimwa, na asiyeipeleka anajidanganya mwenyewe.

Nilitaka kuishia hapo. Alikuwa akinisubiri.

"Umewahi kuharibu nini?"

"Niliharibu," baba alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kaunta. "Mzee alipokuwa mgonjwa aliniachia ufunguo. Alinieleza, lakini mimi nilikuwa najua tayari, si nilikuwa nimeona miaka yote? Nikaongeza dawa sawa na ya kwanza, wiki nne. Kupe walikuwa wanaoga na kurudi nyumbani. Ng'ombe wa watu walikufa. Wangu wawili. Watu wakasema ni dawa mbovu, nikanyamaza. Mimi ndio niliharibu."

Mzee wa duka alikuwa ameacha kuhesabu madaftari. Baba alieleza kwamba alikwenda kwa msimamizi siku ileile aliyotoka kwangu, hata kabla ya kufika nyumbani. Alimwambia aliyoyafanya mwezi ule. Msimamizi alikasirika, akamfukuza. Siku ya pili akarudi. Siku ya nne mzee akampa fimbo ashike, na kwa wiki sita baada ya kazi wakaketi nayo mpaka akaijua gizani na mwangani.

Sijui niliandikaje barua ile. Niliharibu karatasi mbili. Neno lilipofika lilipita kama mengine, herufi baada ya herufi, halikutoa mlio wake wa pekee, na bado nilihisi kama nimebeba gunia nikalitua. Nilimgeuzia barua.

"Ni lipi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Akaweka kidole juu yake, kidole kile chenye ukucha uliopondwa na pembe za ng'ombe.

"Ni refu," alisema. Kisha, kwa Kibukusu: "Asante, mama."

Aliipata nafasi. Nilipomuuliza ilikuwaje mbele ya wale waliomhoji alisema, "Waliniuliza, nikajibu," akabadilisha mazungumzo. Mwaka uleule ndipo alipoanza kunitambulisha kwa wageni vile anavyonitambulisha.

Nilijivunia kazi yake kuliko alivyojua. Alhamisi nilizokuwa likizoni nilikwenda kumtazama akipima. Hakumimina tone bila kuchovya fimbo mara mbili, kuisoma na kuandika kwenye kitabu. Miaka ya tisini ilipoanza, serikali ikaacha kuyahudumia majosho na kuwaachia wananchi. Mengi yalikauka, yakabaki mashimo ya watoto kuchezea. Letu liliendelea. Wanakijiji walikutana wakasema watachanga dawa wenyewe, kwa sharti moja, kwamba fimbo abaki nayo baba. Lakini bado aliendelea kusema kwamba nilimnyima, na bado nilicheka na wageni huku roho ikiniuma.

Nami nilikuwa nimehamia Bungoma mjini, nikafungua chumba changu cha kupiga taipu, baadaye nikaongeza kompyuta moja. Mzee wa Kitale ndiye aliyenipa kamusi yake siku niliyoaga. Niliendelea na maswali matatu, na herufi zangu mbili ziliendelea kukaa chini kushoto.

Siku moja akaingia mwanamume mwenye mvi, mstaafu, akitaka barua ya kuomba nafasi kwenye kamati ya maji. Alipoisoma macho yake yalishuka mpaka chini na yakabaki hapo.

"Wewe ndiye yule wa Kitale?" aliuliza. "Wa baba wa josho?"

Alikuwa ofisa wa mifugo zamani. Alikuwa mmoja wa watatu waliomhoji baba. Aliketi bila kukaribishwa, akanieleza.

Barua ya baba ilipofunguliwa, mmoja wao, aliyetoka upande wetu, alizitambua herufi zangu. Alisema aliyeipiga ni binti wa huyu mzee, na akauliza tangu lini mtoto akimsifu baba yake ikawa ushahidi. Wengine wakaona ni kweli. Barua ikawekwa kando, juu ya zile zilizokataliwa, na baba bado amesimama mbele yao.

"Tulimwambia aende," mstaafu alisema. "Akaomba ruhusa ya kuonyesha kitu. Akaingiza mkono mfuko wa ndani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Akainyoosha mezani, akaichukua na ile nyingine, akaziweka pamoja. Akasema, someni tarehe. Someni hizo herufi chini. Ni mtu mmoja. Kwa hii ya Agosti neno haliko. Aliniuliza, nikadanganya, akaninyima mbele ya watu, na mimi ndio baba yake. Sasa niambieni kama huyo anaweza kunipendelea."

Miaka yote niliamini barua ile ya kwanza aliichana njiani, au aliwasha nayo moto.

"Mwenyekiti wetu," mstaafu aliendelea, "alimuuliza swali moja tu. Ulidanganya nini? Akatuambia habari za dawa na za ng'ombe, zote, bila kujificha. Baada ya hapo hatukuwa na la kuuliza. Hiyo ya Agosti akaikunja tena, akairudisha mfukoni. Bana, tulikuwa na watu wenye vyeti nje wakisubiri."

Alipotoka nilifunga mlango wa chumba mchana kweupe, nikalia kwa fahari, kama kuna kilio cha namna hiyo. Nililifikiria lile neno na jinsi mzee alivyolieleza, kukaa pamoja. Miaka ishirini hivi nilikaa na baba nyumba moja, na miaka mingine zaidi ya kumi nikamsikia akinitaja, na sikuwahi kujua alichokuwa akisema.

Jumapili nilikwenda nyumbani. Mgeni alikuwepo, mchungaji mgeni wa kanisa letu, ameketi kwenye kiti kizuri. Baba akaanza kama kawaida. Huyu ni mwalimu. Huyu ni fundi wa redio. Kidole kikafika kwangu.

"Na huyu ndiye aliyeninyima."

Mchungaji akanitazama. Zamani ningeinamisha kichwa na kucheka.

"Ndiye mimi," nilimwambia. "Na barua yenyewe bado anayo mfukoni. Mwombe akuonyeshe."

Baba aliweka kikombe chini. Mkono wake ulikuwa umeshagusa kifua, pale kwenye mfuko wa ndani wa koti, kabla hajauzuia.

"Nani amekwambia?" akauliza kwa Kibukusu.

Nilichukua birika, nikamwongezea chai.